Fikicha kwanza ndo unuse: maoni yangu kuhusu ziara ya shamba la viungo Kizimbani

Hii safari nimeiahirisha miaka kama minne hivi, mana kila nikisikia ziara ya viungo nawaza ni mambo ya wageni tu, watu wanavishwa kofia za makuti wanapigwa picha wanaondoka. Mwezi wa tisa nikaenda Unguja na mama angu pamoja na watoto wawili wa dada angu, mmoja yuko kidato cha tano anasoma sayansi, na huyo ndo alinishikilia mpaka nikakubali, "mamdogo twende bwana, wewe si unafundisha baolojia?" Basi tukaenda. Na leo nakaa kuandika kwa sababu nimefundisha habari ya seli ya mmea miaka kumi na moja, nimechora ile picha ubaoni mara sijui ngapi, kiini hapa, vakuoli pale, kloroplasti huku, na sijawahi kuona wanafunzi wanaielewa kama hawa wawili walivyoielewa kwa masaa matatu shambani bila ubao wala hadubini.

Jina la shamba siliweki mana yako mengi maeneo yale ya Kizimbani na Kidichi na mengi yanafanana utaratibu, ninachosema hapa kinahusu hili tulilokwenda sisi. Kutoka Darajani, pale mjini, ni kama nusu saa kwa gari, unapita Bububu. Tulichukua gari ya kukodi kwa sababu ya mama, magoti yanamsumbua, ila daladala zipo. Bei kwa sisi wenyeji ni nafuu kuliko ya wageni, chakula cha mchana ndani yake, na hakuna aliyetukimbiza. Mtembezaji wetu kijana wa pale pale, baba yake alikuwa mchuma karafuu, anaongea taratibu na alimshika mama mkono kila penye mteremko. Hilo peke yake limenifanya nimwombee dua.

Utaratibu wao uko hivi, kila mti mnaofika hakuambii jina. Anachuma jani au anabandua kipande cha gome, anakupa mkononi. "Haya bibi, lifikiche kwanza, ndo unuse." Mama akanusa kabla ya kufikicha, hakusikia kitu. Akafikicha, akasema "eh!" Hapo ndo somo lilianza na mimi nikawa kimya nasikiliza.

Mti wa kwanza ulikuwa mdalasini. Akatupa jani, tukafikicha, watoto wote wawili wakasema karafuu. Na hawajakosea, mana mafuta ya jani la mdalasini yamejaa eujenoli, kemikali ile ile inayoipa karafuu harufu yake. Akakwangua gome la tawi, hapo sasa ikaja harufu ya mdalasini wa chai tunaoujua wote. Halafu akachimba kidogo kwenye shina akatoa mzizi mwembamba, akaukwaruza na kisu, mama akasema "hii si kafuri?" Ndiyo, kafuri, kama ile dawa ya kupaka kifuani ukiwa na mafua. Mti mmoja, maghala matatu, kila ghala na mzigo wake. Nimesoma hili jambo chuoni na nimelijibia mtihani, ila kulishika kwa vidole ni kitu kingine kabisa.

Sasa kwa nini lazima ufikiche, hapa naomba nieleze vizuri mana kijana alieleza kwa kifupi na mtoto wetu wa kidato cha tano akaniuliza njia nzima. Mmea hauna miguu, hauwezi kumkimbia mdudu wala mbuzi, kwa hiyo unajitengenezea kemikali za kujilinda, za kufukuza, za kuua ukungu, nyingine za kuvuta nyuki. Shida ni kwamba nyingi ya hizo kemikali zingemdhuru mmea mwenyewe zikizagaa ovyo ndani ya seli, mana eujenoli inayoua bakteria haibagui utando, yani ngozi ya seli, ni wa nani. Kwa hiyo seli imegawanywa vyumba. Kuna vakuoli, kile kifuko kikubwa cha katikati ambacho kwenye seli iliyokomaa kinaweza kuchukua asilimia 80 ya nafasi au zaidi, sie mashuleni tunawaambia watoto kinahifadhi maji na chumvi bas tunapita, kumbe ndo stoo ya sumu, rangi, uchungu na ukakasi wa mmea. Kuna plastidi, familia ya kloroplasti zile za kijani zinazotumia mwanga kutengeneza chakula, ambazo ni viwanda. Kuna saitoplazimu, ute wa seli unaozunguka vyote hivyo. Na mimea mingine imeenda mbali zaidi, imetenga seli nzima nzima kuwa mapipa ya mafuta. Mdalasini uko hivyo, kwenye gome na jani kuna seli pekee pekee zilizojaa mafuta na ukuta wake umepakwa tabaka kama la kizibo cha chupa ili mafuta yasivujie kwa majirani. Jani zima likiwa limetulia mapipa yamefungwa, pua yako haipati kitu au inapata kidogo sana. Ukifikicha unavunja mapipa.

Karafuu. Hapa tulikaa muda mrefu na nashukuru hawakutuharakisha. Mikarafuu ya Kizimbani ina historia, ni katika sehemu za mwanzo kabisa Unguja kupandwa karafuu mwanzoni mwa karne ya 19, na mtembezaji hakuficha kwamba zile enzi za masultani kazi ya kupanda na kuchuma ilifanywa na watu waliotumikishwa kwa nguvu, akasema wazi mbele ya watoto na nikamheshimu. Siku hizi karafuu nyingi inatoka Pemba, hilo kila mtu visiwani anajua. Tulikuta nyingine imeanikwa kwenye jamvi, na pembeni wakina mama wawili wanachambua, karafuu huku, makonyo, yani vijiti vyake, kule. Akachukua karafuu moja mbichi yenye kichwa cha waridi akampa mtoto, "bonyeza na ukucha". Ikatoka nukta ya mafuta, mafuta kabisa yanang'aa. Ule ni mfuko wa mafuta uliokuwa chini ya ngozi ya karafuu, na imejaa mifuko hiyo, ukiikata ukaiweka chini ya hadubini unaiona imejipanga karibu na ukingo kama madirisha. Karafuu kavu nzuri inaweza kuwa na mafuta asilimia 15 hadi 20 ya uzito wake na sehemu kubwa ya mafuta hayo ni eujenoli. Sijui viungo vingi vinavyofikia hapo.

Na safari ya kuyatengeneza inaanzia mbali. Malighafi ya eujenoli ni asidi amino inaitwa fenilalanini na hiyo inaundwa ndani ya plastidi, inatolewa nje, vimeng'enya, yani protini zinazofanya kazi za kemia ndani ya seli, vya kwenye saitoplazimu na vilivyoshikilia utando wa ndani vinaikata na kuiunga hatua kwa hatua, mwisho mafuta yanasukumwa kwenye mfuko. Kila hatua na chumba chake, kama nguo inavyokatwa kwa fundi huyu inashonwa kwa yule inapigwa pasi kwa mwingine. Akatuambia pia wanachuma kabla ua halijachanua, na sababu ni hiyo hiyo, tumba likiwa bado limefumba ghala limejaa, likishachanua thamani inashuka. Makonyo nayo hayatupwi, yana mafuta japo kidogo kuliko karafuu yenyewe, na kule Pemba kuna kiwanda kinayakamua. Mama akaongeza lake kwamba zamani jino likiuma wanaweka karafuu, nikamwambia mama mpaka leo madaktari wa meno wanatumia eujenoli wakichanganya na unga wa oksidi ya zinki kuziba jino kwa muda. Alifurahi sana, akarudia kumwambia yule kijana.

Rehani na mchaichai vilikuwa karibu na nyumba. Rehani haihitaji hata kufikicha, unaipitishia mkono tu inanukia, na tofauti hii mtoto mdogo ndo aliiona mwenyewe akauliza. Jibu ni kwamba rehani ghala lake liko nje, juu ya jani kuna vinyweleo vidogo vyenye vichwa, seli za kichwa zinatengeneza mafuta na kuyamwaga kwenye nafasi iliyo chini ya ngozi ya nta, kama lengelenge. Likiguswa tu linapasuka. Mchaichai wenyewe unahitaji kukunjwa au kukatwa kwa sababu mafuta yake yako kwenye seli za ndani ya jani, ndo mana ukiutumbukiza kwenye birika bila kuukunja chai inakuwa ya kinyonge. Wale wakina mama wakamfungia mama kikuba, asumini, mlangilangi na rehani, na hapo nikawaeleza watoto kwamba asumini ni kinyume cha karafuu, haitunzi ghala la kusubiri kubonyezwa, inatengeneza harufu inapochanua jioni na kuiachia papo hapo, ndo mana vikuba vinafungwa jioni na kesho vimekwisha, wakati karafuu ya mwaka juzi kwenye kopo bado inanukia. Tulipanda gari kurudi mjini na gari zima linanukia kikuba cha mama.

Sehemu moja alikosea na nimemwambia kwa adabu pembeni, si mbele ya watu. Kwenye pilipili alisema ukali uko kwenye mbegu. Hapana. Ukali, yani kapsaisini, unatengenezwa na ule utando mweupe unaoshika mbegu, seli za juu za utando ule zinautengeneza na kuukusanya kwenye vimalengelenge, ukipasua pilipili vizuri kwenye mwanga unaona utando unang'aa. Mbegu zinaonekana kali kwa sababu zimegusana nao tu. Alinisikiliza, akapasua pilipili mpya akatoa mbegu moja akaifuta akaionja, halafu akaonja utando. Akakohoa. "Ahsante mwalimu, kuanzia leo nasema hivyo." Huyu kijana angekaa darasani kwangu ningemtumia kufundisha wenzake.

Vanila sasa, hapa ndo roho yangu ilipobaki. Ni mtambaazi, umezungushwa kwenye miti mingine, na maganda mabichi yanafanana na maharage marefu. Akatupa ganda bichi, tukanusa, tukafikicha, hakuna harufu ya vanila kabisa, ni harufu ya majani tu. Watoto wakadhani wamedanganywa. Akaingia ndani akatoka na ganda kavu jeusi limekunjamana, na hapo ile harufu ikajaa. Ganda ni lile lile.

Yaliyotokea katikati ndo ninayoyapenda kuliko yote katika somo hili. Kwenye ganda bichi vanilini ipo tayari lakini imefungwa na sukari, na ikifungwa na sukari haiwezi kuruka hewani, pua haiipati. Kuna kimeng'enya kinachoweza kuikata ile sukari, na kimo humo humo kwenye ganda, ila hakikai pamoja na huo mzigo wa vanilini na sukari yake. Majirani wa ukuta mmoja hawakutani. Na mwaka 2014 watafiti wa Ufaransa walionyesha kwamba mzigo wenyewe ndani ya seli za vanila haukai kwenye vakuoli kama watu walivyokuwa wakidhani, bali kwenye kloroplasti zilizobadilika umbo zikaacha kazi ya kijani zikawa stoo, mzigo umegandishwa ndani yake. Wakazipa jina lake, fenailoplasti. Niliposoma hiyo mara ya kwanza nilitoka nje nikatembea kidogo, mana miaka yote nilikuwa nafundisha kloroplasti ni jiko la mwanga tu.

Kwa hiyo wakulima wanafanyaje? Wanatumbukiza maganda kwenye maji ya moto kama nyuzi 60 na kitu kwa dakika chache, si ya kuchemka. Yale maji yanaua ganda, tando zinalegea, kuta za vyumba zinaachia, mzigo na kimeng'enya vinakutana. Halafu wanayafunga kwenye mablanketi yatoke jasho, wanaanika, wanafunga tena, siku nyingi, na baadae yanakaa miezi kwenye sanduku. Joto likizidi kimeng'enya kinakufa na mzigo unabaki umefungwa, likipungua kuta hazibomoki vizuri. Akatuambia pia kwamba ua la vanila linachanua siku moja tu na huku kwetu hakuna mdudu wake, kila ua linachavushwa kwa mkono na kijiti. Njia hiyo iligunduliwa na kijana mtumwa wa kisiwa cha Réunion, Edmond Albius, mwaka 1841 akiwa na miaka 12. Mtoto wetu mdogo ana miaka 14. Alinyamaza kidogo halafu akaomba kijiti ajaribu, bahati mbaya hakukuwa na ua siku hiyo. Baada ya kuona kazi yote hiyo sitakaa nilalamikie tena bei ya ganda la vanila.

Pilipili manga tulipita haraka. Mbichi ni kijani, inachovywa maji moto inaanikwa inakuwa nyeusi, na weusi wake ni kuta zilizobomoka vimeng'enya vikakutana na vitu vya kwenye ganda, kama ndizi au parachichi ukikata ukaliacha mezani. Kungumanga na basbasi zake nyekundu ni nzuri kwa picha. Zingifuri, zile mbegu za rangi nyekundu, wanawapaka wageni midomo. Fenesi walitupa tukala mpaka mikono ikanasa utomvu, na utomvu nao una mirija yake peke yake ndani ya mti.

Chakula. Wali wa nazi, samaki wa kupaka, kachumbari, na kisamvu. Naomba nisimame kwenye kisamvu mana kilikuwa ndo kilele cha siku na hakimo kwenye tangazo lao lolote. Bi mkubwa anayepika alikuwa bado anakitwanga tulipofika asubuhi, kinu cha mti na mchi, thomu humo humo, na mama angu aliacha ziara akaenda kukaa naye akaomba mchi. Mama ni mtu wa Tanga, kisamvu kwake si mboga, ni heshima. Akamwambia mjukuu wake, "kisamvu hakichemshwi kizima, kinatwangwa kwanza, kinaachwa, ndo kinakwenda motoni." Mtoto akaniangalia mimi. Nikamwambia sikiliza bibi yako, yuko sahihi kuliko kitabu.

Mana jani la muhogo lina kitu kinaitwa linamarini, kimekaa ndani ya vakuoli, na kimeng'enya chake linamarasi kimekaa nje kwenye ukuta wa seli. Vikiwa mbali mbali ni salama kwa mmea. Mdudu akitafuna, au mchi ukishuka, kuta zinavunjika vinakutana na inaanza kutoka sayanaidi, sumu kweli kweli. Mtu akisikia hivo anashtuka, sasa kwa nini tutwange kama kutwanga ndo kunatoa sumu? Kwa sababu hiyo sumu ni gesi inayoruka na inayoyeyuka kwenye maji, ukitwanga vizuri ukaiacha na ukachemsha sufuria wazi inaondoka zake. Ukikosea mpangilio, ukachemsha majani mazima kwanza, maji ya moto yanakiua kile kimeng'enya kabla hakijafanya kazi na linamarini inabaki ndani ya chakula. Bibi zetu hawakuwa na maabara wakajua utaratibu. Na hili si jambo la hadithi tu, miaka ya 1980 kule Tarime watu walipata konzo, ugonjwa wa miguu kupooza ghafla, baada ya wakati wa ukame kula muhogo mchungu ambao haukutayarishwa kwa muda wa kutosha huku chakula kingine hakuna. Njaa iliwanyima siku za kuloweka na kuanika. Niliwaeleza watoto pale pale jikoni na bi mkubwa akaacha kutwanga akasikiliza, akasema yeye alifundishwa na mama yake bila kuambiwa sababu, leo ameijua sababu.

Thomu nayo ni hadithi ile ile upande wa pili. Punje nzima haina harufu kali. Ndani yake aliini iko kwenye seli za aina moja na kimeng'enya chake kimefungwa kwenye vakuoli za seli nyingine, ukiponda vinakutana na ndani ya sekunde chache tu inatokea alisini, ile harufu inayobaki kwenye vidole mpaka kesho. Ndo mana nawaambia watu ponda kitunguu saumu ukiache dakika kumi ndo ukitie kwenye mafuta, ukikitia kizima kwenye moto mkali umeua kimeng'enya, utapata utamu lakini si nguvu ile. Bi mkubwa anafanya hivyo hivyo kwenye kinu. Kisamvu chake kilikuwa laini, tui zito, hakina uchungu hata chembe. Nimekula nyumba nyingi, hiki nakipa nafasi ya pili baada ya cha mama na mama mwenyewe kakubali.

Kesho yake tulikwenda msitu wa Jozani kuona kima punju, wale kima wekundu wa Zanzibar, nalitaja kwa sababu linahusiana. Wale kima wanakula majani machanga ya miembe na mikungu ambayo vakuoli zake zimejaa tanini na ndugu zake, vitu vya kumkaba mlaji tumboni, na wamejifunza kula mkaa wa kuni, watafiti waliandika habari hiyo mwaka 1997 kwamba mkaa unanasa zile kemikali. Mmea umejenga ghala la silaha, kima kaenda jikoni kwa watu kutafuta dawa. Watoto walicheka njia nzima.

Sasa niseme kilichonikera, mana maoni bila hili si maoni. Mwisho wa ziara kuna duka, na baada ya masaa matatu ya kufundishwa kwamba kila kitu kimo ndani ya mapipa madogo yasiyovunjwa, dukani kitu kilichojaa ni unga. Unga wa karafuu, unga wa mdalasini, unga wa iliki, kwenye vifuko vya plastiki angavu vimening'inizwa juani. Ukishasaga umevunja mapipa yote, mafuta yameanza kuondoka siku ile ile, na jua na plastiki vinamalizia. Nilifungua kifuko cha unga wa iliki nikanusa, vumbi tu. Mgeni atabeba hicho kwao adhani viungo vya Zanzibar ndo hivyo, inaniuma. Pia kuna bango linasema chai yao fulani inatibu sukari na kansa, hilo waliondoe, mgonjwa akiacha dawa zake kwa ajili ya bango ni dhambi. Nilimwambia mwenye duka yote mawili, la bango alisema ataliangalia, la unga akasema wageni ndo wanachotaka.

Lakini nyuma kwenye rafu za chini kuna vitu vizima na ni vizuri kwelikweli. Nilinunua karafuu nikaijaribu kwa ukucha kabla ya kulipa, hakuna aliyenuna, iliacha mafuta. Mdalasini wa vijiti vyembamba, kungumanga nzima na ganda lake, iliki ya kijani iliyofumba, vanila ganda mbili ndani ya chupa ya glasi. Ombeni hivyo, msichukue vya kwenye kamba. Nyumbani nina kinu kidogo cha jiwe, nasaga kinachotosha pilau ya siku hiyo bas, na tangu nirudi nimeacha kabisa kununua unga, hata wa dukani kwetu. Tofauti inaonekana mpaka kwa jirani, ananiuliza leo nimepika nini.

Nyota nne kati ya tano. Moja nimeitoa kwa ajili ya duka na wakilirekebisha nairudisha siku hiyo hiyo. Walimu wenzangu wa Dar na Tanga, kama shule inaweza kukusanya nauli ya boti, leteni watoto wa sayansi huku kabla hamjafika mada ya seli, si baada. Wape kila mmoja jani, wafikiche, ndo uchore ubaoni. Vaeni viatu vya kufunga, njia ina matope hata kiangazi, na kwa wazee ombeni kijana wa kuwashika, hawatozi zaidi. Kama mnataka kisamvu piga simu siku moja kabla, bi mkubwa anaanza kukitwanga asubuhi na hakubali kuharakishwa.